Kigingi cha Nne

Mwenye mradi wa nyumba mpya alikutwa na mlinzi saa moja na nusu asubuhi, amelala kifudifudi kwenye nyasi, kisogo kimepasuka.

"Kitu kizito, butu," alisema daktari wa polisi. "Pigo moja. Hazijapita saa mbili tangu afe."

Inspekta alichuchumaa. Hakuwa mwanamke wa kumpamba mtu kwa sababu tu amekufa, na huyu alijulikana mji mzima kwa kiburi. Lakini kazi ni kazi.

Kando ya maiti vilisimama vigingi vinne vipya katika mstari mmoja. Vitatu vilirukiwa na damu. Cha nne, kilichokuwa karibu kabisa na kichwa, kilikuwa safi, na udongo wake ulikuwa umefunika matone ya damu.

"Koplo, unaona nini?"

"Vigingi, afande."

"Macho unayo, yatumie. Hiki kimegongwa baada ya mtu kufa. Muuaji kaua, kisha kaendelea na kazi yake."

Koplo akatoa daftari lake.

Kulikuwa na jambo jingine. Kila kigingi kati ya hivyo vinne kilikuwa na msumari mdogo katikati ya kichwa chake. Inspekta alizunguka mtaa mzima huo usiokwisha kujengwa, viatu vikinasa kwenye tope. Vigingi vya viwanja vingine havikuwa na msumari hata mmoja, na nusu yake vilikuwa vimeinama.

Akamwita mpima ardhi wa mradi.

"Misumari hii ni yenu?"

"Hapana. Sisi tunapima kwa mashine. Hiyo ni ya kupima kwa kamba, mambo ya zamani. Unaifunga kamba kwenye msumari, mstari unanyooka."

"Na mstari huu ni wa nini?"

Mpima ardhi akaangalia chini.

"Nimekuuliza."

"Ni mpaka wa bustani na njia ya miguu, afande. Vilikuwemo kwenye ramani iliyoidhinishwa. Baadaye bosi akavifuta, akakata viwanja vinane."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya kwake mwenyewe."

"Nani hapa bado anapigilia misumari?"

"Alikuwa mmoja tu, tukimwita Fundi Vigingi. Aliacha kazi miezi mitatu iliyopita, baada ya msiba."

Msiba huo Inspekta aliukumbuka, maana faili lilipita mezani kwake. Mtoto wa kike, miaka saba, aligongwa na lori la mchanga akienda shule. Dereva alifungwa, faili likafungwa. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtoto alipita kwenye barabara ya malori, na sasa Inspekta aliona aibu.

Fundi Vigingi aliwapokea sebuleni, shati safi mwilini. Binti yake, mama wa yule mtoto, aliwawekea chai akarudi jikoni. Nyundo kubwa iliegemea ukuta, imeoshwa, lakini pale mpini unapoingia palibaki wekundu.

"Nyundo yako ina damu, mzee."

"Najua. Haitoki kirahisi."

"Ulimuua wewe?"

"Mimi. Na akifufuka nitamuua tena."

"Eleza."

"Kulipopambazuka nilikwenda kuirudisha njia ya mjukuu wangu. Nilikuwa nimegonga vigingi vitatu, akaja. Akacheka. Nikampiga."

"Na cha nne?"

"Mstari ulikuwa haujafika mwisho. Ningeuachaje?"

Koplo aliandika. Inspekta hakuridhika.

"Basi ni hasira ya mjukuu tu."

"Andika hivyo."

"Pigo lilikuwa kisogoni. Alikuwa amekupa mgongo. Alikuwa anakwenda wapi?"

Mzee akatupa jicho upande wa jikoni. "Punguza sauti, mwanangu."

"Alikuwa anakwenda wapi?"

"Huku. Kwa binti yangu." Akasogea karibu na Inspekta. "Alisema, ngoja nikamwambie nani aling'oa vigingi vya kwanza."

"Nani aliving'oa?"

Mzee akasukuma kikombe chake kando.

"Mimi. Aliniambia ng'oa, la sivyo kazi huna. Nikang'oa vyote kwa mikono hii, wakazungushia uzio. Wiki mbili baadaye mtoto akapita barabarani. Nilimchukia mtu yule hadi usingizi ukanikimbia. Lakini asubuhi ya leo, afande, nilimpiga ili anyamaze."

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Binti yake alisimama pale, kitambaa cha vyombo mkononi, na hakuna aliyejua alianza kusikia wapi.

"Kila siku tulikaa hapa, mimi na wewe," alisema. "Nikamlaani aliyeiondoa njia ya mwanangu. Nikaomba afe vibaya, asizikwe na mtu. Na wewe, Baba, ukaitikia amina."

"Mwanangu..."

"Uliitikia amina."

Mzee akanyoosha mikono kwa pingu bila kuambiwa. Koplo, kwa kukosa pa kuangalia, alirudi kwenye fomu yake.

"Ndugu wa karibu?" aliuliza.

Mzee alimtazama binti yake.

"Andika hana," alisema binti, akaingia jikoni kumalizia vyombo.