Kiraka cha Mfumaji

Mfumaji alianza kazi kwa kunguruma taratibu kama friji kuukuu, kisha pazia jeupe lililokuwa mbele ya Bi Asumini likajaa wingu la rangi. Kwanza ilionekana sufuria. Ukafuata mkono ulioshika mwiko, halafu mvuke, na mwishowe mgahawa mzima wa karibu na stesheni ya Morogoro, kama ulivyokuwa enzi za ujana wake: mabenchi ya mbao, jagi la maji ya kunawa, abiria wanaokula haraka huku wakitupia macho saa ya ukutani. Bi Asumini mwenyewe alikuwa ameegemea kitini, kichwani amevishwa kilemba cha nyuzi za fedha nyembamba kuliko unywele. Alikuwa anakumbuka tu, na mashine ilikuwa inafuma.

Pembeni alisimama mbunifu wa mashine hiyo, Mhandisi Lupembe, akimweleza Semeni Kobelo jinsi ilivyofanya kazi. Alisema kila kumbukumbu inapoamka, ubongo hutoa cheche ndogo. Nyuzi za kilemba zilinasa cheche hizo, Mfumaji akazisoma na kuzigeuza kuwa picha na sauti. Kilichopatikana kiliitwa filamu-kumbukumbu. Haikuwa na waigizaji wala kamera, na hakuna mtu aliyeandika mazungumzo yake.

Semeni alikuwa na sababu mbili za kuwapo pale. Bi Asumini alikuwa mama yake. Tena Semeni alikuwa mhakiki wa filamu anayesomwa kuliko wote mjini, na kwa muda mrefu alikuwa akilalamikia jambo lile lile: kwamba maisha ya kwenye filamu hayafanani na maisha. Aliandika kuwa kwenye filamu hakuna anayetafuta kandambili iliyoingia uvunguni, hakuna anayekatizwa maneno na mtoto, na wagonjwa hufa wakiwa wamechana nywele. Morogoro ilikuwa imebadilika sana. Mabehewa ya umeme yaliningʼinia kwenye nyaya mpaka juu kwenye miteremko ya Uluguru, na roboti zilifagia barabara watu wakiwa bado wamelala. Sinema, kwa maoni ya Semeni, zilikuwa bado zinadanganya kwa mtindo wa zamani. Ndiyo maana aliposikia habari za Mfumaji alifurahi, akamshawishi mama yake akubali kukaa kwenye kile kiti.

Filamu ilipokamilika, ukumbi ulijaa. Watu walimwona Bi Asumini kijana akiuza wali na maharage, wakamwona Salehe Kobelo, fundi wa reli, akija kula kila siku hata alipokuwa ameshiba. Waliona ndoa, ugomvi wa ndoa, mtoto mmoja tu aliyezaliwa, na mgahawa ukipanuka. Karibu na mwisho, Salehe alikuwa kitandani, mgonjwa wa mapafu, mkewe peke yake kando yake. Akamshika mkono, akasema kwa sauti ya chini lakini bila kukohoa: "Asumini, nyumba yangu haikuwa ya matofali. Nyumba yangu ilikuwa wewe." Ukumbi mzima ulisikika ukivuta pumzi.

Semeni naye alilia. Hakuwahi kuyasikia maneno yale, lakini alidhani baba yake aliyasema siku mojawapo yeye akiwa hayupo chumbani. Kesho yake aliandika uhakiki wa sifa tupu. Alisema hatimaye filamu na maisha vimekaa meza moja. Baada ya hapo watu walijipanga mlangoni kwa Mhandisi Lupembe wakitaka kufumiwa maisha yao.

Jumamosi moja, miezi kadhaa baadaye, Semeni alikwenda kula kwa mama yake kama kawaida. Walikuwa na mazungumzo ya hapa na pale, mpaka jirani aliyepita kusalimia alipomwuliza Bi Asumini kuhusu marehemu mumewe. Bi Asumini akasimulia siku ya mwisho. Alisimulia vizuri, hata jirani akafuta machozi. Salehe alimshika mkono, akasema yale maneno ya nyumba, akafumba macho, basi.

"Huyu maskini hakuwahi kumuaga baba yake," Bi Asumini alimwambia jirani, akimgusa Semeni bega. "Alikuwa sokoni."

Semeni aliinamia sahani yake. Hakuwa sokoni. Siku ile alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kikombe cha uji mkononi, na baba yake alikuwa amemwegemea kifuani kwa sababu akilala chali hakuweza kupumua. Mama yake alikuwa upande wa pili wa kitanda. Walikuwa watatu. Sasa, katika kichwa cha mama yake, walikuwa wamebaki wawili.

Jumatatu alikwenda kwenye karakana ya Mfumaji. Mhandisi Lupembe alikuwa mtu mkweli, na alipoulizwa hakuzunguka. Alieleza kuwa kumbukumbu za watu zina matundu. Bi Asumini alikuwa amekesha kwa siku nyingi kabla ya msiba, na sehemu ile ilikuwa imechanika vibaya. Mfumaji alipokuta tundu alilitia kiraka, ili mtazamaji asione picha ikikatika.

Semeni aliuliza kiraka kile kilitoka wapi.

"Kwenye filamu za zamani, dada Semeni. Tuliilisha mashine filamu zote tulizoweza kupata," alisema mhandisi. "Haina kitu kingine inachojua kuhusu kufa."

Semeni, aliyeitwa jicho kali la mji, alikuwa ametazama kipande cha sinema kuukuu na kukiita maisha. Sasa aliona dalili zote zilizokuwa wazi tangu mwanzo: mgonjwa wa mapafu asiyekohoa, sentensi iliyokamilika, na mwanga wa jua usoni ilhali dirisha la chumba kile lilitazama ukuta wa jirani. Akauliza kama kumbukumbu ya mama yake inaweza kurudishwa. Lupembe alitikisa kichwa. Alisema kila mtu anapokumbuka jambo, ubongo hulihifadhi upya, na ukilihifadhi huku macho yanatazama picha kubwa ukutani, ile picha ndiyo inayobaki. Yeye na wenzake hawakulitarajia hilo. Viraka vya filamu zijazo wangeweza kuvitia rangi ya kijivu, ili kila mtu avitambue. Kwa wale waliokwisha kutazama, mashine haikuwa na dawa.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Semeni alikuwa akishindana na nafsi yake. Mama yake alikuwa ametulia. Alikuwa na kuagwa kuzuri kuliko kule alikokupata, na mtoto mwenye huruma angemwachia. Lakini ndani ya kuagwa kule baba yake mwenyewe hakuwamo, wala yeye. Alipofika kwa mama yake, alimkuta anachambua mchele uani. Akavuta kigoda, akasaidia kuchambua, kisha akamwambia yote: kiraka, filamu za zamani, na kwamba yeye alikuwapo.

Bi Asumini aliacha kuchambua. Hakukasirika. Aliuliza jambo moja tu.

"Sasa alisema nini?"

"Alitaka ukoko," Semeni alijibu. "Ulimletea uji, akasema uji ni wa wagonjwa. Akauliza kama umebakisha ukoko wa wali wa mchana. Ukamwambia hapana. Akasema, 'Umeula mwenyewe.' Halafu akasinzia."

Bi Asumini alimkodolea macho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Semeni akaogopa kuwa amemliza. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akalazimika kuweka ungo chini.

"Ndiye huyo," alisema alipopata pumzi. "Huyo ndiye Salehe. Mwanangu, mimi nilikuwa najiuliza kila siku, huyu mwanamume mpole wa maneno matamu nilimpata lini? Nilikuwa namlilia mgeni."

Baadaye akataka kujua zaidi. Je, yeye mwenyewe alikuwa amekaa wapi? Semeni akamwambia. Je, alivaa nini? Semeni alifungua kinywa kujibu, akaiona kanga ya kijani waziwazi, ikiwa na mwanga wa jua begani. Akasita. Mwanga ule haukuwa wa chumba kile. Naye alikuwa ameitazama filamu mara nyingi mno.

"Hapo sijui tena, Mama," alisema. "Naona ile ya kwenye filamu."

"Basi tuiache hiyo," mama yake alijibu. "Tushike tuliyo nayo."

Wakashika waliyokuwa nayo. Jioni ile, na nyingine zilizofuata, walikaa uani wakikumbushana. Mmoja alileta kipande, mwingine akakipinga, na pale wote wawili walipokosa uhakika walisema hawajui, wakaendelea mbele. Semeni aliandika uhakiki wa pili. Hakumshambulia Mfumaji wala kumtetea. Aliandika kwamba filamu, hata ikifumwa na kumbukumbu ya mtu mwenyewe, ni maoni ya mtu mmoja, na haifai kutazamwa bila ya waliokuwapo kukaribishwa wabishe. Lupembe alikubali. Tangu hapo ikawa desturi ya ukumbi ule kwamba filamu-kumbukumbu haionyeshwi mpaka mwenyewe na watu wake wawe wamekaa mstari wa mbele, na yeyote kati yao akiinua mkono, picha isimamishwe.

Filamu ya Bi Asumini ilionyeshwa tena mchana wa sikukuu moja. Lupembe alikuwa amejitolea kukiondoa kile kiraka kabisa, lakini Bi Asumini alikataa. Ilipofika sehemu ya kitandani, Salehe wa ukutani akashika mkono na kuanza kusema habari za nyumba, na watu wakageuka kumtazama bibi aliyekuwa mstari wa mbele. Hakuinua mkono. Kijana aliyeendesha mitambo akasimamisha picha mwenyewe, akamwuliza kwa heshima kama angependa wairuke.

"Hapana, mwache amalize," alisema Bi Asumini. "Anaigiza vizuri." Akamsubiri mpaka sentensi ikaisha na mgonjwa akafumba macho yake mazuri. Ndipo akasimama, akarekebisha mtandio wake, akawageukia watu.

"Mume wangu sasa," alisema, "yeye alikuwa hivi."

Na Semeni, pembeni yake, akasogea ukingoni mwa kiti ili asikie vizuri, tayari kubisha.