Maana ya "Tutaona"

"Sentensi ya arobaini," Adoyo alisema bila kuniangalia. "'Tutaona.' Sema maana nichape."

Nilikohoa. Ilikuwa 1996, katika ukumbi wa kanisa pale Roret. Mwalimu wa chuo kikuu alikuwa ameleta kompyuta, anataka kuifundisha ielewe Kiswahili cha watu wa huku. Sisi wa kiwanda cha chai tunaeleza maana, Adoyo anachapa. Mimi niliishia darasa la sita, lakini kusema najua.

"Ni kwamba watu wataona."

"Hiyo hata mashine inajua. Mtu akiambiwa hivyo, amekubaliwa au amekataliwa?"

"Inategemea."

"Mashine haikuoni uso, Kipkurui. Mimi nilikuona na bado ilinishinda."

Nilijua anakoelekea. Miaka miwili nyuma aliniuliza nitampeleka lini kwetu. Nikamwambia tutaona. Yeye Mjaluo, binti ya fundi Omollo wa kiwandani, mimi Mkipsigis. Alipozidi kuuliza, nikamsingizia mama, eti ndiye hataki.

"Karani Oyoo anataka kunioa. Anangoja jibu leo. Nichape nini?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimezoea.

"Chapa kukataa. Huku hatusemi hapana mtu akituangalia."

Alichapa herufi moja moja.

"Ungesema mapema nisingekonda. Mwite anayefuata."

Sikuita mtu; sikutaka aende kwa Oyoo. Nilipanda baiskeli mpaka kituo cha kupimia majani ya chai. Mama alikuwa kwenye foleni na kikapu chake.

"Mama, nataka kumuoa Adoyo wa Omollo. Ukatae ukitaka!"

Wanawake wote waligeuka.

"Yule mrefu wa kwaya?" mama aliuliza. "Nani alikataa? Umeniuliza lini, wewe?"

Nikaangalia majani kikapuni mwake.

"Sasa umesimama hapa unaangalia nini? Mkimbilie!"

Nilimkuta Adoyo mlangoni mwa ukumbi, Oyoo kando yake amemshikia mkoba.

"Adoyo! Mama amekubali!"

"Kwani alikuwa amekataa?"

Oyoo alinitazama kama mtu anayemwonea mwingine haya.

"Hapana," nikasema. "Sikuwa nimemuuliza."

"Miaka miwili nimemchukia mama ya watu bure," Adoyo alisema. "Oyoo, twende."

Walioana Agosti. Mama alialikwa, akaenda na sufuria ya maziwa. Mimi nilibaki nyumbani kumkamulia ng'ombe.