Njama ya Kifuu Kilele

"Kobe amevaa viatu virefu," sauti ilisema kwenye simu.

Mlingoti aliacha kutafuna. "Kura saa ngapi, Mkuu?"

"Saa nne kamili."

Casio yake ilisema saa tatu na dakika ishirini na mbili. Aliusukumia mfukoni mkate uliobaki, kando ya bastola yake, Beretta, akatoka bila kuaga. Majasusi hawaagi. Wakiaga, huulizwa wanakwenda wapi.

Kobe ni Kifuu, gari dogo la milango miwili lililotengenezwa katika kiwanda kilekile kwa miaka thelathini. Viatu virefu ni krosova: Kifuu hichohicho kimenenepeshwa, kikapandishwa juu ya matairi ya milimani, kikabatizwa Kifuu Kilele. Bodi ikisema ndiyo, Kifuu cha kawaida kingekoma siku hiyohiyo, na kalibu zake, yale machuma yanayolipatia bati umbo la gari, zingeuzwa kwa kampuni moja ya ng'ambo.

Lori la kuzibeba lilikuwa tayari uani. Injini inanguruma.

Mkuu alishuku kwamba mtafiti aliyeshauri kura hiyo alikuwa kibaraka wa kampuni ile. Ushahidi hakuwa nao. Ndani ya kiwanda alikuwa na mtu mmoja tu wa kuaminika: dada yake Mlingoti, msimamizi wa mstari wa kuunganisha, mwenye watu mia tatu chini yake. Kura ikipita, wote mia tatu na mmoja wangekula chakula cha mchana nyumbani, na cha kesho, na cha keshokutwa.

"Umeingia?" dada aliuliza kwenye redio.

"Nimo ukumbini. Nimevaa koti la mhudumu wa chai."

"Lile la mikono mifupi?"

"Koti halina kosa. Mikono yangu ndiyo mirefu."

"Mdogo wangu, jasusi mwenye urefu wa nguzo ya bendera ni hasara kwa taifa. Fungua macho."

Alifungua macho. Kilele kiling'aa chini ya taa. Kando yake kilikaa Kifuu cha zamani, kimenywea kama mgonjwa aliyeletwa kupimwa. Mama Mwenyekiti na bodi yake walikuwa mezani. Mbele yao walisimama watu ishirini wenye beji zilizoandikwa "Mwenye Kifuu".

Mtafiti alivaa miwani ya jua ya Ray-Ban ndani ya nyumba. Hiyo peke yake ilitosha kumfunga.

"Hawa ndio wateja wenu," alisema. "Wamezaa. Wamenenepa. Wamefuga mbwa. Duka la viatu haliuzi saizi moja, mama. Mkibaki na udogo, watahamia kwa jirani."

Maneno yale yaliingia akilini. Hilo ndilo lililomtisha Mlingoti. Magoti yake, ambayo ndani ya Kifuu cha dada hukaa jirani na masikio, yaliunga mkono hoja.

"Sasa wakae ndani ya Kifuu cha zamani," mtafiti alisema, "muone wanavyoteseka."

Wa kwanza aliingia, akavuta mlango.

Paa.

Mlango ukadunda, ukarudi.

Wa pili. Paa. Ukarudi.

Mlingoti aliinama nyuma ya birika. "Dada. Mlango wa Kifuu haufungi."

"Kioo wameshusha?"

"Kipo juu."

"Wote?"

"Huyu ni wa saba. Anaupiga teke."

Sauti ya dada ilikuwa baridi sasa.

"Kifuu kimebana kama mtungi. Hewa haina pa kutokea. Usiposhusha kioo upana wa kidole, mlango haufungi. Mwenye Kifuu hushusha kioo hata akipanda gari la mwenzake. Hao hawajawahi kumiliki hata honi yake."

Saa tatu na dakika hamsini na nne.

Mlingoti aliweka sinia chini.

"Shikamoo, mama," alimwambia mwanamke wa nane. "Ukitaka kufunga mlango wa Kifuu chako, unaanza na nini?"

Mwanamke alimtazama mtafiti. Mtafiti alitazama dari.

"Naanza na... kumwomba Mungu."

Mama Mwenyekiti, aliyeendesha Kifuu tangu usichana wake, alivua miwani taratibu.

"Tuliletwa na huyu," mzee mmoja alisema, akivua beji. "Tukaambiwa tulalamike magoti. Mimi magoti yangu hayana neno."

Mtafiti alikimbia. Akarukia ndani ya Kilele, akapita katikati ya viti kuelekea kiwandani.

Kifuu chekundu kilifunga breki mlangoni.

"Ingia," dada alisema.

Mlingoti alijikunja mara tatu, akaingia. Kioo kidole kimoja. Mlango ukafunga.

Wakapita kwenye cheche za kuchomelea. Wakapita kwenye rangi. Kilele kilikuwa na nguvu, kikawaacha.

"Geti?" Mlingoti aliuliza.

"Vijana wangu wamelifunga. Imebaki njia ya handaki la mvua."

Ni handaki ambamo kila gari jipya humwagiwa maji kupimwa kama linavuja. Kilele kiliingia kwa kasi.

Kisha ukasikika mlio wa bati.

Handaki lilijengwa kwa kimo cha Kifuu. Kilele kilizidi kwa shibiri moja. Kilikwama mdomoni, pua ndani, mkia nje.

Dada alishuka, akabonyeza kitufe. Mabomba mia mbili yakafunguka.

Mtafiti alitoa bastola ya Glock dirishani. Beretta ya Mlingoti ilikuwa imeshamfika sikioni.

"Weka," Mlingoti alisema.

Akaiweka.

Dada alichungulia ndani kwa jicho la kazi. "Linavuja," alisema.

Simu ya mtafiti ilikuwa na ujumbe kutoka ng'ambo: kura ikipita, lori liondoke na kalibu kabla bodi haijabadili mawazo.

Mama Mwenyekiti alifika na bodi yake, akausoma mara mbili. Ilikuwa saa nne na dakika tatu.

"Kura hakuna," alisema. "Lori liondoke tupu." Akalitazama gari lililokwama. "Kupanua handaki hili ni muda gani?"

"Handaki, tanuri la rangi, lifti," dada alijibu. "Miezi kumi na minne, mama."

"Na gari lenyewe, ungelitengeneza?"

"Wenye Kifuu wa kweli wakiliomba, hata kesho naanza. Ila dogo lisife kwa ajili yake."

"Basi tutawauliza wenyewe."

Dada alishika redio. "Mstari, tuendelee."

Kisha mashine ya kwanza ikanguruma, na ya pili, na sakafu yote ikaanza kutetemeka.

Mlingoti alikabidhi pingu na mtu wake kwa walinzi, akainua kola, akaondoka polepole bila kugeuka. Nyuma yake dada alikuwa anapiga kelele kwamba amemwachia nyayo za maji kwenye sakafu nzima.