Mshipi wa Mawe ya Kijani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kiroboto alimchekechea baba yake mchanga. Hilo halikuwa jina la kwenye cheti. Mama yake ndiye aliyempa, kwa sababu tangu ajifunze kutembea hakuwahi kutulia mahali pamoja. Sasa alikuwa darasa la sita, na bado hakuna kiti kilichomfahamu vizuri. Alilishika chekeche kwa mikono miwili, akalitikisa huku na huku, mchanga laini ukaanguka chini na kokoto zikabaki juu zikirukaruka.

Baba yake alikuwa fundi lipu. Mafundi lipu walikuwa wengi pale mjini, lakini yeye alikuwa na mtindo wake. Kabla lipu haijakauka, alichukua kokoto nzuri nzuri zilizooshwa, akazididimiza ukutani moja moja kwa dole gumba, mpaka zikafanya mstari mnene kuzunguka chumba. Watu waliuita mshipi. Mtu akiingia nyumba ngeni na kuuona mshipi, hakuwa na haja ya kuuliza kuta zile zilipigwa lipu na nani.

Ila nyumbani kwake mwenyewe matofali yalikuwa wazi.

"Kuta za wenzetu zimevaa suti," mama alimtania huku akikanyaga cherehani yake. "Za kwetu ziko kifua wazi."

"Zamu yetu inakuja, mama watoto," baba alijibu, kama alivyojibu siku zote.

Zamu hiyo ilikuja alipozaliwa mtoto wa kiume. Baba aliona haya kumlaza mwanawe kando ya matofali yanayomwaga vumbi. Akatangaza kwamba atakipiga lipu chumba cha kulala, na mshipi wake utazidi yote aliyowahi kuitia mikono yake. Kiroboto aliposikia hivyo, alitaka mshipi huo uwe na kitu chake.

Nje ya mji kulikuwa na mgodi wa zamani wa urani. Waliouchimba waliondoka kabla Kiroboto hajazaliwa, wakaacha mashimo, vifusi na uzio ulioliwa na kutu mpaka ukalala chini. Kibao cha onyo kilikuwepo, lakini rangi yake ilikuwa imebanduka yote, kikabaki kipande cha bati tu. Wazazi waliwakataza watoto kwenda huko kwa sababu ya mashimo. Ubaya mwingine wa mgodi ule hata wao hawakuujua vizuri.

Kiroboto alikwenda pamoja na rafiki yake Redio. Redio alikuwa binti wa jirani, na aliitwa hivyo kwa kuwa habari haikulala kinywani mwake. Njiani Kiroboto alimlisha kiapo kwamba safari hii atazima mitambo. Walipofika kwenye kifusi, wote wawili waliduwaa. Kulikuwa na mawe yaliyoota vibamba vyembamba vya kijani kibichi, vya mraba, vimelaliana kama magamba ya samaki. Jua lilipoyapiga yalimetameta. Walijaza mfuko mzima.

"Haya umeyatoa wapi?" baba aliuliza alipoletewa.

"Mtoni, Baba."

"Mto gani huo wenye mali kama hii?"

"Kule chini, wanakofulia nguo."

Baba alimtazama kidogo tu. Kisha akaligeuza jiwe moja kwenye mwanga, akatabasamu. Aliyaosha mwenyewe, akayachagua, akayadidimiza ukutani pale pale kando ya kitanda cha mtoto, palipoonekana zaidi. Majirani walikuja kutazama, wakasifu mpaka Kiroboto akavimba kichwa. Jiwe moja zuri kuliko yote hakulitoa. Alilitia kwenye mkebe wake wa hesabu, awe analichungulia darasani somo likichosha.

Miezi kadhaa baadaye alikuja shuleni mama mmoja aliyevaa buti nzito, na mkononi alikuwa na chombo cha ukubwa wa tofali. Mwalimu alimtambulisha kuwa ni mpimaji, na kwamba serikali imemtuma aukague mgodi wa zamani kabla haujafungwa kabisa.

"Humo ndani kuna madini yanayotoa mionzi," mpimaji alisema. "Mionzi haionekani, haina harufu, haichomi ukiigusa. Mtu hajui kama inampata. Lakini hiki kinajua."

Alikiwasha chombo. Kikalia tik, kikanyamaza, kikalia tik tena. Alieleza kwamba kila mahali duniani pana mionzi kidogo, na kidogo hicho hakina neno. Akaanza kutembea katikati ya madawati huku watoto wakinyoosha shingo. Tik. Tik. Alipofika dawati la Kiroboto, chombo kikapiga kelele mfululizo kama mahindi yanayopasuka kwenye sufuria.

Darasa zima likageuka. Mpimaji hakukasirika. Alisogeza chombo polepole juu ya daftari, juu ya begi, kisha juu ya mkebe. Hapo kelele zikawa moja tu, ndefu. Akavaa glavu, akafungua mkebe, akalitoa jiwe la kijani na kulitia kwenye kopo zito alilokuwa nalo.

"Jiwe hili lina urani na shaba ndani yake," alisema. "Shaba ndiyo inayolipa rangi nzuri hivi. Ndiyo maana watoto wanayapenda mawe haya. Sikilizeni wote. Kukaa nalo karibu muda mrefu ni hatari. Kulivunja au kulisaga ni hatari zaidi, kwa sababu vumbi lake likiingia mapafuni au tumboni, linaendelea kutoa mionzi humo humo. Watoto wachanga ndio huumia upesi." Akamwinamia Kiroboto. "Mwanangu, yako mengine?"

Redio alikuwa amefumbua mdomo. Kiroboto akamkazia macho, Redio akaufumba.

"Hakuna," Kiroboto alisema.

Ilipofika saa ya chakula, alikwenda nyumbani mbio. Alijiambia kwamba ataingia chumbani, atabandua mawe yote kimyakimya na kuyatupa, na hakuna atakayejua. Ni mpango wa kipumbavu, kwa sababu hakuna baba fundi lipu asiyeuona ukuta wake ukiwa na mashimo. Lakini mtu mwenye hofu hupanga hivyo.

Mama alikuwa kwenye cherehani, amebana pini mdomoni. Mtoto alikuwa macho kitandani, amelala ubavu, uso umeelekea ukutani. Alikuwa anaupapasa mshipi kwa vidole vyake vidogo. Kibamba kimoja cha kijani kilikuwa kimelegea na kuning'inia. Mtoto alikikuna, akacheka, akavitia vidole kinywani.

"Umemwona mdogo wako?" mama alisema akitoa pini. "Siku hizi anayapenda hayo mawe kuliko maziwa yangu."

Kiroboto akapiga ukelele. Alimnyakua mtoto na kutoka naye nje mbio, mtoto naye akaangua kilio kwa mshtuko. Mama alimfuata huku nguo aliyokuwa anaishona inaburuzika miguuni.

"We! Una wazimu? Utamwangusha!"

"Asirudi ndani! Mama, mnawishe mikono, mnawishe na mdomo, asirudi mle ndani!"

Baba alikuwa uani anakoroga saruji. Akatupa koleo. "Kuna nini?"

Na hapo Kiroboto akasema yote. Alisema vibaya, kwa kwikwi, mambo ya mwisho yakitangulia ya mwanzo: kelele za chombo, vumbi, jiwe la mkebeni, kifusi, uzio, mfuko. Mto akausema mwisho kabisa. "Si mtoni, Baba. Sikwenda mtoni. Ni mgodini."

Mama alikwisha kumchukua mtoto na alikuwa anamwosha mikono na midomo kwenye ndoo, anamwosha na kumwosha tena, machozi yanamtiririka bila sauti. Rangi ya uso wa baba ilibadilika, ikawa kama ya saruji aliyokuwa anaikoroga. Aliokota nyundo na patasi akaelekea chumbani.

Kiroboto alimpita mbio, akasimama mlangoni, mikono ameitandaza.

"Baba, usivunje!"

"Ondoka hapo!"

"Mpimaji amesema tusivunje! Vumbi ndilo baya zaidi! Ukigonga litatoka, utalivuta, litajaa nyumba nzima!"

Nyundo ilikuwa juu. Baba alikuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima. Kiroboto alidhani atasukumwa, na hakuondoka. Alijutia kila kitu maishani mwake isipokuwa kusimama pale.

"Yuko wapi huyo mpimaji?" baba aliuliza mwishowe.

"Shuleni. Bado yuko na walimu."

Baba akaiweka nyundo chini. "Kimbia kamlete."

Kama kuna siku jina la Kiroboto lilimfaa, ni siku ile. Alimkuta mpimaji anapakia vitu garini, akamwambia mbele ya walimu wote, "Nilikudanganya. Yako mengine, na mdogo wangu ameyatia mdomoni." Mwalimu alishika kichwa. Mpimaji hakupoteza muda kwa kushangaa; alimfungulia mlango wa gari.

Walipofika nyumbani, chombo kilianza kulia hata kabla mpimaji hajaingia chumbani. Alipokisogeza kitandani, mama aliyekuwa anatazama kutoka dirishani alikaa chini. Mpimaji akavaa barakoa na kumpa baba nyingine. Waliulowesha ukuta kwa maji mpaka ukachuruzika, wakafunika mshipi kwa matambara mabichi, kisha wakaikata lipu kwa vipande vikubwa bila kugonga, vikiwa vimelowa vile vile, na kuvifunga kwenye mapipa. Godoro na shuka zilikwenda pia.

"Ungegonga kwa nyundo ukuta mkavu," mpimaji alimwambia baba, "leo ningeifunga nyumba yote."

Familia nzima ilipelekwa hospitali. Walipimwa mikojo, damu na vifua, na mtoto alipimwa kuliko wote. Kungoja majibu kulikuwa kubaya kuliko kupimwa. Mama hakula. Kiroboto, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alikaa kwenye benchi bila kutikisa hata mguu.

Daktari alipotoka alisema kwamba kilichoingia mwilini mwa mtoto ni kidogo sana, na mwili wenyewe unakitoa. "Nitataka kumwona tena mara kwa mara," aliongeza. "Lakini mmewahi. Kama angeendelea kukaa pale mwaka, miwili, nisingekuwa naongea nanyi hivi."

Mama alimkumbatia daktari, jambo ambalo daktari hakulitarajia. Kisha wakabaki peke yao ukumbini. Kiroboto alingoja kuchapwa. Aliona ni haki yake, na hata alitamani adhabu imfikie upesi. Baba aliketi karibu naye, akawa anavitazama vidole vyake vyenye sugu.

"Ungeniambia ni ya mgodini," alisema, "ningekugombeza. Ungelia, ningeyatupa, na kabla ya jua kuzama sote tungekuwa tumesahau. Lakini ulisema mtoni, nami nikakuamini. Nikayaosha. Nikachagua yanayong'aa zaidi. Nikayabandika kwa dole gumba hili pale anapolaza kichwa mwanangu. Uongo ulikuwa wako, lakini kazi yake niliifanya mimi."

Kiroboto hakuweza kuinua uso.

"Mtu akikuamini, anakupa mikono yake," baba aliendelea. "Ukimdanganya, hujui mikono hiyo itakwenda kufanya nini. Usisahau hilo ukiwa mtu mzima." Kisha sauti yake ikalainika. "Na pale mlangoni uliponiambia nisivunje, nilikuamini tena. Sijui kwa nini. Mtu aliyetoka kukiri uongo, akasema jambo jingine hapo hapo, nami nikaiweka nyundo chini."

"Kwa sababu lilikuwa kweli, Baba."

"Ndiyo," baba alisema. "Na kweli hiyo ndiyo imemwokoa mdogo wako."

Kiroboto alilia basi, kilio ambacho alikuwa amekizuia tangu uani. Mama alimwacha alie mpaka akatosheka. Kisha akamwekea mtoto mapajani.

"Mshike mdogo wako," alisema. "Mikono yangu imechoka."