Sauti Alizozisikia Fundi Redio

Kaka na dada walifanya kazi katika chumba kimoja. Dada alishona nguo karibu na mlango. Kaka alitengeneza redio kwenye meza ya ndani. Wateja walimpenda kwa utani wake. "Redio yako haijafa, imenuna tu," aliwaambia.

Kisha utani ukaisha. Kaka akaacha kuoga. Akawa anacheka peke yake na kusema maneno yasiyoshikana. Miezi ikapita. Siku moja dada alimkuta amefumua redio sita za wateja, nyaya zimetapakaa sakafuni.

"Kaka, unafanya nini?"

"Zinanisema! Hata nikizizima zinanisema. Na wewe unajua!"

Nyumbani mama alilia. "Mwanangu amerogwa. Au mimi ndiye niliyekosea kumlea?" Majirani walishauri afungwe kamba.

Kesho yake muuguzi alikuja kuchukua sare aliyoshonewa. Alimwona kaka amejikunyata kwenye kona, akizijibu sauti ambazo wengine hawakuzisikia. Hakumcheka, wala hakubishana naye.

"Sauti hizo zinakutisha, eh?" alimwuliza taratibu.

Kaka aliitikia kwa kichwa. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hivyo.

"Basi twende kwa daktari. Dada yako atakuwa nawe."

Daktari aliwasikiliza wote na kumpima kaka, maana magonjwa mengine huleta dalili kama hizo. Mwishowe alisema, "Ni skizofrenia. Ni ugonjwa wa ubongo."

"Nani kamletea?" mama aliuliza.

"Hakuna, mama. Malezi yako hayana kosa. Wakati mwingine ugonjwa huu hupita katika ukoo. Msongo wa mawazo au bangi huweza kuuchochea. Sauti anazisikia kweli, ingawa sisi hatuzisikii. Kamba itamuumiza tu. Dawa, mazungumzo na upendo wenu vitamsaidia."

Baada ya wiki chache sauti zilipungua. Lakini dawa zilimfanya kaka asinzie mezani. Akaanza kuzificha chini ya godoro, na sauti zikarudi kwa kishindo.

Dada alizikuta dawa hizo. Hakugomba. "Kaka, tukamwambie daktari kuhusu usingizi huo."

Daktari alimbadilishia dawa. "Usiache dawa mwenyewe, hata ukijiona mzima," alimwambia. "Zikikusumbua, njoo tuongee."

Kaka alirudi kazini. Mwanzoni saa mbili kwa siku, kisha nusu siku, kisha siku nzima. Sauti bado huja mara mojamoja. Zikija, humwambia dada mapema.

Mwezi uliopita alikwenda kliniki peke yake. Kwenye benchi alikaa msichana aliyeziba masikio. Baba yake alitazama chini kwa aibu.

"Mzee, usione haya," kaka alimwambia. "Mimi pia sauti zilinisumbua. Leo nimekuja hapa nikitoka kazini."

Baba akainua uso. "Kazini?"

"Kazini. Na kesho naenda tena."