Kiasi cha Kutosha

Mwisho wa mwezi foleni ya mashine ya benki ilifika hadi kwenye ngazi za jengo. Mshonaji aliyekuwa na duka la nguo ghorofa ya chini alijikuta nyuma ya mwanamume mwenye ovaroli ya buluu na mabega mapana, aliyenukia grisi na sabuni. Alikuwa fundi wa lifti. Aliingiza kadi, akasoma salio, akaitoa. Akaiingiza tena. Mara ya tatu watu wakaanza kuguna.

"Kaka, pesa hazizai kwa kutazamwa," mshonaji akamwambia.

Fundi akageuka, akaona haya, akacheka. Kicheko kile kilimkaa mshonaji kichwani mchana kutwa. Kesho yake yule fundi akaja dukani na suruali isiyohitaji kupunguzwa, akitaka ipunguzwe. Mshonaji alilijua hilo tangu alipoishika, lakini alimpima kiuno taratibu, bila haraka yoyote.

Miezi minne wakapendana. Fundi alimpigia simu kila akitoka kazini, akimwita laazizi, naye mshonaji akimtania kwamba mapenzi yake hupanda na kushuka kama lifti zake. Lakini kuna mambo yalimtatiza. Fundi alilipwa vizuri na hakuwa na wategemezi, ila alikula mlo mmoja kwa siku na kulala kwa muda wa saa tatu tu. Dada wa mshonaji hakuficha mawazo yake: mwanamume bahili mwenye siri ana nyumba ya pili. Mshonaji alibisha, lakini neno likishaingia sikioni halitoki.

Jumapili aliyoalikwa kula kwa mama yake mshonaji, fundi hakutokea wala hakupokea simu. Mama alifunika sahani ya mgeni. Mshonaji akaona aibu zaidi kuliko hasira, na kwa wiki mbili akaacha kupokea simu zake.

Siku ya kumi na tano fundi alikuja dukani asubuhi, macho mekundu. Akaeleza kwamba Jumapili ile aliingia duka moja kubwa kumnunulia mama yake mshonaji zawadi. Alipofika kwa keshia pumzi zikambana, akaacha kapu akakimbia, na kwa aibu hakupokea simu. Hapana mwanamke mwingine. Alipokuwa na miaka kumi alirudi kutoka shuleni akakuta vyombo vyao vyote vimetupwa nje kwa kukosa kodi, mama yake amekaa juu ya godoro barabarani. Tangu hapo kila shilingi inayotoka huiona kama mlango unaofungwa.

Mshonaji aliweka mkasi chini. Hakuwa na hasira tena, bali hamu ya kujua.

"Ukiwa na kiasi gani moyo wako utatulia?"

Fundi akakunja uso kama mtu anayetafuta hitilafu ndani ya mtambo.

"Sijui," akasema. "Nilidhani ningekuwa nimeshafika. Kila nikifika, mpaka unasogea."

"Basi huna ugonjwa wa pesa, mpenzi. Una ugonjwa wa hofu."

Walikwenda pamoja kwenye kliniki ya afya ya akili, na fundi akaendelea kila Alhamisi. Haikuwa miujiza. Wiki nyingine alilala, nyingine akakesha. Lakini alianza kula mchana, na akaenda kumwomba radhi mama yake mshonaji, aliyemsikiliza hadi mwisho, kisha akamwongezea chakula.

Mwaka ulipogeuka, wakiwa wameketi kwenye ngazi za nyuma ya jengo, fundi akamwambia anataka wafunge ndoa, ila hataki kumficha: daktari wake hajamwambia kwamba amepona.

Mshonaji akamgeukia.

"Na siku hofu ikikujia usiku, ikakwambia tutakosa pa kulala, utafanyaje?"

"Nitakuamsha."

"Hata nikiwa nimechoka?"

"Hata ukiwa umechoka. Nitakuamsha."

Mshonaji akamshika mkono uliojaa sugu. "Basi ndiyo," akasema.