Mwanangu Hana Lori

Maneno yale niliyasikia nikiwa na pasi mkononi. Mteja mmoja alileta mashuka yake, akakalia ndoo iliyofunikwa, akasema kama mtu anayeuliza bei ya sabuni:

"Mama, nasikia mwanao kule alikoshikwa amekiri. Amesema mzigo ule ni wake."

"Nani kasema?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu tu, mama. Yanasemwa."

Akaniachia mashuka, akaenda zake. Mimi nikaunguza kola ya shati la mwalimu. Tangu hapo maneno yale hayakunitoka. Nikifua, yapo. Nikianika, yapo. Nikipiga magoti kuomba, yananitangulia.

Mimi ni dobi. Nimeishia darasa la saba. Ninaandika haya kwa ajili ya mama mwingine ambaye mtoto wake ameshikwa nchi ya watu, asije akapita nilipopita.

Mwanangu wa kwanza ni dereva wa lori. Lori si lake, ameajiriwa. Safari ile alipewa lori likiwa limeshapakiwa maboksi ya sabuni na kufungwa turubai. Kazi yake ilikuwa kulivusha mpaka. Askari wa upande wa pili walipoyashusha maboksi, chini wakakuta dawa za hospitali zisizo na kibali. Wakamweka ndani.

Sisi nyumbani tukaanza kumpigania. Kaka yangu ni kinyozi, na mdomo wake unakata kuliko mkasi wake. Yeye ndiye aliyetengeneza bango. Alichukua picha ya mwanangu akiwa ameegemea lori, kavaa miwani ya jua, mkono kiunoni. Chini akaandika: MWACHIENI MFANYABIASHARA WETU.

Mkwe wangu akauliza, "Mjomba, mbona mume wangu ni dereva?"

"Dereva nani atamsikiliza? Madereva wamejaa tele. Mkubwa akishikwa, wakubwa wenzake hushtuka."

Tukakubali. Mtaani kwetu watu walishazoea kusema lori ni la mwanangu. Akiwa mapumzikoni lilikuwa linalala mbele ya nyumba yetu, na sisi hatukumsahihisha mtu. Nani anakataa sifa? Tukayabeba mabango hadi kwenye lango la wizara ya mambo ya nje. Picha tukaisambaza kwenye simu, nayo ikaenda kama moto wa nyasi kavu.

Sasa, nyumba ya tatu kutoka kwangu anakaa fundi cherehani. Mume wake aliwahi kushikwa nje akarudi, na tangu hapo yumo katika umoja wa familia zenye ndugu waliozuiliwa ugenini. Siku ile ile niliyoletewa maneno alikuja kuchukua sare alizonipa nipige pasi.

"Dada, umelia au ni moshi wa mkaa?"

"Vyote viwili."

Nikamweleza habari ya kukiri. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Aliyekuambia aliyasikia wapi?"

"Kwa watu."

"Watu hawana anwani. Vaa viatu, twende tukamuulize."

Tulimkuta mteja wangu barazani kwake. Fundi alipomuuliza, hakuona haya hata kidogo. Alitoa simu akatuonyesha picha yetu wenyewe.

"Si hii hapa? Mfanyabiashara. Na mfanyabiashara ana mzigo wake. Mimi nimeongeza nini?"

Uvumi ule ulitoka nyumbani kwangu, ukazunguka mtaa mzima, ukanirudia umevaa nguo nyingine.

Fundi alinishika mkono. "Dada, kama mtaa umesoma hivi, mahakama ya kule itasoma vipi? Mna namba ya ubalozi wetu wa huko?"

"Kaka anasema ubalozi ni wa wenye pasipoti nzuri nzuri."

"Kaka anyoe nywele. Ubalozi ni wa kila raia. Kazi yao moja ni kuomba kumwona aliyeshikwa, kujua kama ana wakili, na kama ana mkalimani wa kumweleza anachoulizwa."

Namba tuliipata wizarani. Afisa wa ubalozi aliongea nami kwa upole.

"Mama, mwanao nimemwona. Hajakiri chochote. Lakini picha yenu imefikishwa mahakamani. Mwendesha mashtaka anasema huyu si dereva, ndiye mwenye mali. Wakili wa mwanao anamhitaji mwenye lori ajitokeze."

Basi tukaenda kwa mwenye lori, mimi, kaka na fundi. Ofisi yake iko nyuma ya stoo ya matairi. Alitupa viti, akatupa pole, akatupa na maji. Kisha akasema:

"Lakini mimi naingiaje hapo, wazee wangu? Mtaa mzima unajua lori ni la kijana wenu. Mmeandika wenyewe. Mmebeba wenyewe."

Kaka alisimama, akatangulia mlangoni.

Tulipotoka nje akasema, "Tukibadilisha maneno sasa, tutaonekana waongo."

Fundi akamjibu, "Mmeshaonekana matajiri, kaka. Angalia faida yake."

"Watu watatucheka."

"Kaka," nikamwambia, "atakayecheka na acheke. Kicheko hakijamfunga mtu. Sifa ndiyo imemfunga mwanangu."

Mwisho kaka akasema, "Bango jipya nitaliandika mimi. Lakini mniambie neno kwa neno."

Jioni ile fundi alikaa nasi sebuleni. Alitutaka tutenganishe mambo mawili: tuliyoyaona wenyewe, na tuliyoyasikia. Ya kusikia tukayaweka kando, hata yale matamu. Shangazi wa watoto wangu alitaka tuseme mwanangu ana ugonjwa wa moyo.

"Ana ugonjwa huo?" fundi akauliza.

"Hana, lakini huruma si dhambi."

"Daktari wa gereza akimpima akakuta mzima, wifi, wataamini nini kingine mnachosema?"

Shangazi akacheka, akaliacha hilo la moyo. Tukachagua msemaji mmoja. Wakanichagua mimi. Kisha, kabla ya kupeleka picha mpya popote, tulimwomba afisa wa ubalozi amuulize mwanangu kama anaridhia. Jibu lake lilikuwa fupi: "Sawa. Ila waseme mimi ni dereva."

Tulirudi kwenye lango la wizara. Safari hii walikuja madereva wenzake, waliokuwepo alipokabidhiwa lori limeshafungwa turubai. Waandishi wa habari wakaninyooshea vinasa sauti. Nikasema:

"Mimi ni dobi. Mwanangu ni dereva wa kuajiriwa. Tuliandika kuwa ni mfanyabiashara, tulikosea. Mwanangu hana lori. Hata baiskeli anayopanda akiwa nyumbani ni ya shemeji yake. Mwenye lori yupo, na aliyepakia mzigo yupo. Waulizwe wao."

Watu walicheka pale kwenye baiskeli. Kaka naye alicheka, huku analia.

Baada ya hapo mwenye lori aliitwa wizarani. Alikuja na wakili, akakubali lori ni lake. Maelezo yake na ya madereva yalipelekwa ubalozini, yakafika kwa wakili wa mwanangu. Haikuwa haraka. Tulisubiri, tukachoka, tukasubiri tena. Lakini mahakama ilimwachia. Alishuka kwenye basi amekonda, shati linamning'inia. Mke wake alimshika mkono asiuachie hadi nyumbani. Na mimi usiku ule nilipata usingizi.

Mama mwenzangu, haya uyaepuke:

Usibebe neno la "watu wanasema". Lifuate mpaka kwa aliyelisema, na uulize ubalozi.

Usiongeze ugonjwa, umri wala mimba. Uongo wa huruma nao ni uongo.

Usisambaze picha yake kabla hajaulizwa. Yeye ndiye yuko ndani, si wewe.

Usitukane nchi iliyomshika.

Usiruhusu kila ndugu agonge mlango wake na maneno yake. Msemaji awe mmoja.

Usimpe hela mtu anayekuambia ana mtu wake gerezani wa kumtoa mwanao.

Usimwache mwenye mzigo akae kimya nyuma ya jina la mtoto wako.

Na usione haya kutaja kazi ya mwanao. Tungeendelea na mfanyabiashara, angekuwa ndani hadi leo. Aliyerudi ni dereva.